Mikono Magotini

Saa mbili asubuhi mpiga piano alifunua piano kubwa ya ukumbi wa taifa, akaifunika upesi. Harufu ya mkojo wa panya ilimpanda puani hadi machozi yakamlenga. Akajikaza, akafunua tena. Nyuzi zimeota kutu, vinyundo vya kuzigonga vimegugunwa, na juu ya ule ubao mweusi kuna alama za duara za masufuria ya moto.

"Nani aliweka sufuria hapa?"

"Aa, dada, siku za semina hiyo ndiyo meza yetu ya chakula," alisema ofisa utamaduni, akichokonoa meno kwa njiti ya kiberiti. "Imara kweli."

Muziki wa piano aliuanza akiwa na miaka saba. Aliusomea ng'ambo, akapigiwa makofi katika kumbi ambazo ukikohoa tu unakodolewa macho. Akarudi kwa hiari yake, na kazi aliyoipata ikawa nyimbo za kukata keki harusini. Leo ndiyo mara ya kwanza serikali kumwita, kwa barua yenye mhuri, apige mbele ya mgeni rasmi. Mama yake alikuwa ameshaketi safu ya tatu, amevaa viatu vya kuazima.

"Nimewaandikia mara tatu mwite fundi."

"Barua tulizipata. Usijali, tumejipanga. Rekodi yako iko kwenye kompyuta. Wewe kaa, chezesha vidole. Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

"Kwani wewe ndiye mgeni rasmi?"

Angeondoka, ila mama alimpungia mkono. Akakaa.

Saa nne mgeni rasmi akaingia, watu wakasimama, wakaketi. Rekodi ikaanza. Mpiga piano aligusa vibao vya piano, vidole vikanata: mchuzi mkavu. Akavibandua kwa kinyaa. Alivifunika vile vibao, akaweka mikono magotini, akawakazia macho watazamaji. Muziki ukaendelea wenyewe dakika sita nzima, watu wakichezea simu zao.

Ulipokwisha, mgeni rasmi alishika maikrofoni.

"Ndugu zangu, mmeona kasi ya vidole vile? Mimi hata sikuviona!"

Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Ofisa ndiye aliyepiga kwa nguvu zaidi.

Mama yake hakupiga. Alisimama katikati ya vigelegele, akakwapua mkoba wake, akamwita mwanawe kama anavyoitwa mtoto aliyekaa kwenye uchafu:

"Inuka hapo. Twende ukanawe."