Mahmudi Amelala Salama

Mume wangu Mahmudi alikuwa na kisukari kabla ya vita, na tangu tukikimbie kisiwa chetu cha Chovae tukaletwa kambini Mombasa hakupata usingizi wa maana. Nyayo zilimwaka moto, mkojo ulimwinua kila mara, na sasa kidonda cha kidole cha mguu kilikuwa kimeanza kunuka.

Siku hiyo daktari wa kambi alikuwa akichagua wagonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa. Gari lilikuwa na nafasi chache. Kwenye foleni niliwakuta wenzetu wasiolala: Rukia wa pumu, anayesinzia ameketi, Jaafar wa presha, Shamsa wa figo, anayejikuna mpaka alfajiri. Wote walikuwa wameshaambiwa kwamba ni mawazo ya vita. Kila kitu vita. Hata kidole kikioza, vita.

Mlangoni nilimwonya Mahmudi. "Baba Ilyas, leo sema kweli."

"Habari, mzee? Umelalaje?" daktari akauliza bila kumtazama.

"Salama, alhamdulillahi," Mahmudi akajibu, kama tujibuvyo sote kwetu, hata tukiwa taabani.

"Vizuri. Anayelala salama ataweza kungoja gari la mwezi ujao."

"Daktari, huyu halali," nikasema. "Mtazame mguu."

"Mama, mwenyewe amesema." Akaita mwingine.

Nje nilimfokea mume wangu mbele za watu. Nilimchukia saa ile, wallahi.

"Mchu akikuamkia, humtupii maradhi yako usoni," akasema kwa upole, kwa lafudhi ya kwetu. "Nyumba imekwenda, chombo changu cha baharini kimekwenda. Na adabu nayo niitupe?"

Gari la mwezi uliofuata lilimchukua akiwa hajitambui. Mguu ulikatwa, lakini sumu ilikuwa imeshapanda. Tulimzika huko huko Mombasa, mbali na makaburi ya wazee wake.

Baada ya eda nilikwenda kuchukua dawa ya presha, maana na mimi ninayo. Nilimkuta daktari yule yule.

"Habari, mama? Umelalaje?"

"Sikulala," nikamwambia. "Sijalala tangu nimzike Mahmudi."

Aliinua uso akanitazama kama mtu niliyemvunjia heshima, kisha akauliza nimefuata dawa gani. Kumbe hakutaka kujua nimelalaje. Alikuwa akinisalimia tu.