Ngozi ya Mjomba Bartholomayo

Baba na mjomba wangu walichukiana tangu kabla sijazaliwa, na siku yangu ya kwenda Masasi ndiyo waliyoichagua kupimana ubavu. Fahali wawili hawakai zizi moja. Hawa walikaa lori moja, mimi katikati.

Nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea uuguzi katika hospitali ya misheni. Sharti lilikuwa kufika kabla ya kengele ya jioni, na atakayechelewa, nafasi yake anapewa mwingine. Baba, Cuthbert, aliendesha lori la dizeli la tajiri mmoja wa Newala, naye ndiye angenipeleka. Mjomba Bartholomayo, kaka yake mama, alikuwa aje nasi kwa sababu kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama, na bila kauli ya mjomba binti hatoki. Mjomba alikuwa fundi wa ngoma, tena fundi hasa, na taabu yetu yote ilianzia hapo.

Asubuhi tulipompitia kwake, injini ikaanza kuvuma bila kukanyagwa. Baba akaizima, akafungua kisahani nyuma ya pampu, akatoa ngozi nyembamba ya duara. Ilikuwa imechanika.

Ngozi ile niliijua, maana Baba alijisifu nayo kila alipopata msikilizaji. Injini lazima ipime hewa inayovuta, ndipo pampu ijue dizeli ya kutoa. Mdomoni mwa bomba la hewa kuna kizibo. Dereva akiachia mguu, kizibo kinajifunga, injini inavuta kwa nguvu, na mvuto huo unapita kwenye kibomba chembamba mpaka kwenye ngozi. Ngozi inavutika, nayo inaivuta fimbo ya pampu, dizeli inapungua. Dereva akikanyaga, kizibo kinafunguka, mvuto unalegea, springi inairudisha fimbo, dizeli inaongezeka. Ngozi ikitoboka, injini haijui tena inavuta hewa kiasi gani, inakunywa tu.

"Ngozi tu hiyo?" Mjomba akasema. "Ninayo ya mbuzi ndani."

"Iwe laini, shemeji. Ipakwe mafuta, ilegee."

"Baba Lois," Mjomba akamwita kwa jina langu, "wanifundisha mimi ngozi? Ngozi ikilegea hailii."

"Hii hailii. Inapumua."

"Basi tafuta mjomba mwingine wa kumtoa mtoto."

Baba akatabasamu. Tabasamu lile nililichukia pale pale. Aliijua hasara itakayokuja, lakini aibu ya mjomba ilimwia tamu kuliko mimi kufika Masasi.

Mjomba akawasha moto. Akaikata ngozi, akaiwamba kama anavyowamba ngoma zake, akaikausha motoni huku akiigonga kwa kidole mpaka ikatoa mlio mwembamba. Akaridhika. Baba akaifunga kwenye pampu, mpole kama mtu aliye kanisani.

Injini ilipowaka, ilipiga kelele nikaziba masikio. Kizibo kilikuwa kimefungwa na mvuto ulikuwepo, lakini ngozi iliyowambwa vile haivutiki, na fimbo ikabaki palepale penye dizeli nyingi. Baba akavuta waya wa kuzimia. Fimbo ikagoma, kwa kuwa imeshikwa na ngozi ileile. Akavuta tena, waya ukakatika. Moshi mweusi ukajaa uani, lori zima likitetemeka. Mjomba akakimbilia nyuma ya nyumba. Baba akabaki ameshika kipande cha waya, tabasamu limekwisha.

Nikavua kanga ya begani, mpya, aliyoninunulia mama kwa safari. Nikaikunja, nikaishindilia kwenye mdomo wa bomba la hewa. Nusu yake ikamezwa. Injini ikakohoa, ikafa.

Unadhani walinishukuru? Mjomba alirudi akijikung'uta. "Mizimu imekataa. Mtoto haendi."

"Mizimu, au ngoma yako?" Baba akamcheka.

Wakaanza kutukaniana wazazi, majirani wakatoka kutazama. Watu husema wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Mimi sikuwa nyasi ya mtu. Niliichomoa kanga, nikaifungua ngozi, nikaimiminia mafuta ya karanga, nikaifinya na kuisugua mpaka ikawa laini kama sikio la mbuzi. Nikamtupia Baba. "Funga." Sikusema tafadhali.

Lakini jua lilikuwa limeshapinduka. Tuliteremka kutoka Newala, Mjomba amepanda ila kauli yake hajaitoa, injini ikipumua vizuri, na tulipofika Masasi kengele ilikuwa imeshalia. Mama Isabela, nesi mkuu, alisimama mlangoni.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Umechelewa. Nafasi yako amepewa Severina wa Nanganga." Akatazama lori. "Nani mwenye usemi juu yako? Aje anieleze."

Nikageuka. Baba akamtazama Mjomba. "Kwetu mtoto ni wa mjomba. Sema, shemeji."

"Mimi nimesindikiza tu," Mjomba akasema. "Baba yake ndiye huyo. Na gari analiendesha yeye."

Tangu asubuhi walinigombea kama mfupa, na sasa kila mmoja ananisukuma kwa mwenzake. Nusura nilie kwa hasira, lakini sikuwapa machozi yangu.

"Mwenye usemi ni mimi," nikamwambia Mama Isabela. "Nimecheleweshwa na ugomvi wa hawa wawili. Kama kuna mashuka ya kufua mpaka darasa lijalo, nitafua."

Alinitazama mikono iliyonuka dizeli na mafuta ya karanga. "Kufua kupo," akasema. "Ingia."

Nikapanda nyuma ya lori kuchukua sanduku langu. Baba akanyoosha mikono anipokee. "Acha," nikamwambia, nikalishusha mwenyewe.

Ndipo Mjomba aliposogea, akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, kwamba basi, ananipa ruhusa.

"Rudi nayo Newala, Mjomba," nikamwambia, nikaingia ndani.