Kufuli la Zlatina

Asubuhi Velika alivua kitambaa cha kichwa, akaketi kwenye kiti chake cha siku zote katika maabara ya Plovdiv, walikopima ubongo wa mapacha, na nesi Penka akaanza kumbandika nyaya kichwani kwa gundi baridi. Kiti cha pili kilikuwa cha Zlatina, pacha wake, aliyezikwa wakati wa theluji. Penka aliweka nyaya za Zlatina juu ya kiti hicho kitupu, akawasha mashine. Kalamu za pande zote mbili zikaanza kuchora mawimbi ya ubongo.

"Zlatina hajambo leo," alisema Daktari Kamenov, akitazama karatasi ya marehemu.

Velika alijua kosa lilianzia wapi. Kwao pacha mmoja akifa, aliyebaki hufungwa naye mguu kwa mguu kwa mnyororo, na mtu asiye wa damu yao hufungua kufuli na kuwa ndugu yake mpya. Kamenov alijitolea. Maneno yote aliyasema, ila ufunguo hakuuzungusha. Aliuchomoa tu mguu wa Velika kwenye mnyororo, na Zlatina akateremshwa kaburini na kufuli limefungwa.

Tangu siku ile mguu huo ulikuwa baridi. Sasa ubaridi ulikuwa umefika kiunoni.

"Kaka," Velika alisema, maana ndivyo alivyopaswa kumwita, "twende makaburini ukalifungue. Naogopa."

"Hata mimi ningeogopa, dada yangu. Acha kwanza kongamano la vuli lipite. Mmoja juu, mmoja chini, na ubongo wao bado unaimba wimbo mmoja! Nani mwingine ana mapacha kama nyinyi?"

"Nikifa kabla ya vuli je?"

"Tulia basi, Velika," alisema Penka. "Ukitetemeka unatuchafulia karatasi."

Velika akajikaza, akazitazama karatasi. Mawimbi ya Zlatina yalikuwa marefu, mavivu, karibu kulala kabisa. Ya kwake, yaliyoanza kwa kurukaruka, yalikuwa yakirefuka mbele ya macho yake.

Baadaye Penka alizipandanisha karatasi mbili dirishani. Hakuna mstari uliotofautiana na mwenzake.

"Safi sana," alisema Kamenov. Akamfunika Velika miguu kwa blanketi, kama kaka afanyavyo, na alipoinama, ufunguo wa kufuli aliouning'iniza shingoni ukagonga vifungo vya koti lake. "Wiki ijayo njooni mapema, nyote wawili."

Velika hakulihisi blanketi.

"Tutakuja," alisema.