Hatua Moja Hadi Kitandani

Asubuhi hiyo Nimia alisikia kinu kikitwangwa kwa mkono wa kushoto. Ugonjwa wa misuli ulikuwa umemlemaza mikono na miguu, na kwa miaka kumi na minne alikuwa akilala pale pale akimsikiliza Bi Blasida, mtunzaji wake, akiponda jikoni majani ya terere, kinywaji chao cha mitishamba na maji baridi. Mipigo ile aliijua vizuri. Leo ilikuja kwa kusitasita, kama mtu anayebisha hodi pasipo na wenyewe.

"Wa kulia umekufa ganzi tena?" Nimia alimuuliza Blasida, aliyeingia na jagi la maji ya barafu.

"Umelala tu, mwanangu. Utaamka."

Hawakucheka. Upepo wa kaskazini ulikuwa ukivuma siku ya tatu, ukipenyeza vumbi jekundu mpaka kwenye shuka, na saa nne Fulgencio, kaka yake Nimia, angefika kutoka Asunción. Alishampatia dada yake nafasi katika nyumba ya masista mjini, ambako wagonjwa hulazwa saa kumi na moja jioni, watake wasitake, na wageni huja Jumapili tu. Alichokosa ni sababu ya kumhamisha. Na sababu ilikuwepo: Jumanne Blasida alimwangusha Nimia. Mkono ulimwachia katikati ya kitanda na kiti, wakaenda chini wote wawili, wakalala sakafuni saa nzima, wakicheka mwanzoni, kisha wakilia, mpaka nguvu iliporudi. Waliapa kutomwambia mtu.

Fulgencio alifika na chipa za moto, vimikate vya jibini alivyonunua njiani. Blasida aliponyoosha mkono kumimina terere, Nimia akamuwahi, akasema kaka awahudumie yeye, maana tangu ahamie mjini amekuwa bwana mkubwa wa kuletewa kila kitu. Fulgencio akacheka, akakishika kikombe cha pembe. Alipoinama kumnywesha, kola ya gauni la Nimia ikafunuka.

"Begani umepatwa na nini?"

"Nilijigonga."

"Utajigongaje nawe husogei?"

"Hunijui nikiamua."

Fulgencio alitabasamu kidogo, kisha akaacha. Akamgeukia Blasida.

Blasida alitaka kusema kweli. Hakuwahi kudanganya katika nyumba ile, na mkono wake mwenyewe aliuogopa kuliko alivyomwogopa Fulgencio. Alifungua mdomo. Lakini Nimia alikuwa akimtazama, na yalikuwa macho ya mtu anayeomba asiuawe.

"Nilimgonga na mlango wa bafu," alisema. "Kosa langu."

Fulgencio alikiweka kikombe chini taratibu.

"Basi mnyanyue nione."

Blasida aliipitisha shuka iliyosokotwa nyuma ya mgongo wa Nimia. Ncha ya kulia hakuishika. Aliizungusha mara tatu kwenye kifundo cha mkono, akijifanya anaikaza, kisha akayabana magoti ya Nimia kwa magoti yake. Fulgencio alisogea, Nimia akamwambia awapishe, anawazibia hewa.

"Moja," Nimia alihesabu mwenyewe. "Mbili."

Alihisi mwili wake ukiinuka, ukayumba, pumzi ya Blasida ikakatika shingoni mwake. Kisha kiti kikampokea.

"Mko vizuri," alisema Fulgencio, na furaha yake ilikuwa ya kweli. Hakuwa mtu mbaya. Alikula chipa mbili, akambusu dada yake, akaahidi kwamba habari ya masista hataitaja tena. Gari lake likapotelea kwenye vumbi.

Walishinda, na waliufurahia ushindi wao mpaka alasiri, wakimsema Fulgencio na kitambi chake kipya. Halafu jua likashuka, na mgongo wa Nimia ukaanza kuuma, kama ulivyouma kila siku saa ile ya kurudishwa kulala. Blasida aliuweka mkono wake wa kulia juu ya paja lake mwenyewe. Kifundo kilikuwa kimevimba. Alijaribu kuvikunja vidole, havikukunjika. Alijaribu tena.

"Mgongo?" aliuliza.

"Bado," alisema Nimia, ingawa ulikuwa ukiwaka moto. "Tukae kwanza."

Blasida akavuta stuli, akakaa kando yake. Wakakaa wakikitazama kitanda, hatua moja mbele yao, na upepo ukimwaga vumbi jekundu juu ya mto.