Waya Ubavuni

Mimi ni fundi wa pancha, mwaka wa ishirini na sita sasa. Shule niliacha darasa la tano, kwa hiyo daktari wa picha alipoanza kunieleza habari za pafu langu, nilimwomba anipe kwa ufupi.

Akanipa. Nilipigwa picha kwa ajili ya kikohozi, kikohozi kikapona, lakini picha ikaonyesha kinundu katika pafu la kulia, kidogo kama punje ya dengu. Huenda ni kovu, huenda ni saratani inayoanza. Kingekatwa kupitia matundu matatu madogo ubavuni.

"Na msipokiona?"

"Hapo ndipo penye kazi," alisema. "Kabla ya kukata tunalitoa pafu upepo. Likishanywea, kinundu hakionekani wala hakishikiki. Kwa hiyo asubuhi ya upasuaji, pafu likiwa limejaa, nakuchoma waya mwembamba wenye ndoano hadi pale kilipo. Mpasuaji anaufuata."

Nikacheka. "Daktari, hiyo ni kazi yangu. Tyubu naizamisha majini ikiwa imejaa. Nikiona povu, nachomeka njiti ya kiberiti palepale, ndipo natoa upepo. Ukitoa upepo kwanza, tundu utalitafuta mpaka uchoke."

"Basi tumeelewana, fundi. Njiti yangu isichomoke. Ikichomoka, itabidi mbavu zifunguliwe kwa upana, na matairi utayasikia kwa jirani miezi mitatu, minne."

Mke wangu alikuwa kando yangu. "Mwambie tena," alisema. "Mikono yake naijua mimi."

Siku ilipofika nililazwa kwenye mashine ya picha, ile ya duara. Vuta pumzi kidogo, shikilia, achia. Mara ya kwanza nilivuta nyingi, nionekane mzima, nikagombezwa. Sindano ya ganzi, kisha kitu kikazama ndani polepole. Ncha ya waya ilibaki nje, urefu wa kidole. Wakaifunika kwa shashi na plasta.

"Usiguse," alisema muuguzi.

Tukasubiri nje ya chumba cha upasuaji, mimi kitandani, mke wangu kitini. Ndani kulikuwa na mgonjwa mwingine. Saa nzima ikapita.

Sasa, kidole gumba cha mtu wa pancha hakina adabu. Kutwa nzima kinatembea juu ya mpira kutafuta kilichochomoza, na kikikuta ncha ya msumari kinaivuta kabla kichwa hakijaulizwa. Nilikuwa naangalia taa za darini, nikijiuliza nani atawasomesha wanangu, nikashtukia gumba na mwenzake viko chini ya shashi vimeushika waya. Nilikuwa nimeshauvuta. Ndani kitu kililegea.

Hakuna aliyeona. Nikabandika plasta upya, nikanyamaza. Nikisema watanifungua mbavu. Nisiposema, labda haujasogea sana. Labda.

Kuna wateja wanang'oa msumari njiani, wanautupa, halafu wanakuletea tairi: "Sijagusa kitu, fundi." Hao nimewatukana miaka yote.

"Mama watoto."

"Nini?"

"Nimeuvuta."

Hakuuliza nini. "Kiasi gani?"

"Nusu kidole hivi."

"Umemwambia nani?"

"Wewe."

"Kwani mimi ndiye ninayekupasua?"

"Wakijua watanichana kama mbuzi."

"Na wasipojua watakata wapi? Mficha uchi hazai, baba watoto. Na kwa gauni hilo lililo wazi nyuma, huna ulichoficha hata sasa."

Akaenda mwenyewe kumwita muuguzi. Mpasuaji akatoka, mtu mfupi mwenye kofia ya kijani. Nilisubiri matusi. Ningekuwa yeye, ningetukana.

"Umeuvuta lini?"

"Sasa hivi."

"Mrudisheni kwenye mashine."

Waya ulikuwa umerudi nyuma. Ndoano bado ilishika pafu, ila sentimita mbili kabla ya kinundu. Daktari wa picha alipima mara mbili, akaandika.

"Usingesema," aliniambia, "mpasuaji angekata nyama ya jirani isiyo na ugonjwa, akashona, kinundu kikabaki ndani."

Mpasuaji aliisoma karatasi. "Nitajaribu kwa matundu, nikate ndani zaidi. Nisipokipata, nafungua. Sawa?"

"Sawa."

Mke wangu alinishika mkono mpaka mlangoni. Si kwa mapenzi. Ulikuwa ulinzi.

Nilipozinduka, koo lilikuwa kavu. Mkono ukaenda ubavuni wenyewe. Kulikuwa na bomba la kutolea hewa, na plasta. Moja. Mbili. Tatu. Zote ndogo.

"Hata sasa unagusa?" alisema mke wangu. Sauti ilikuwa ya ugomvi, lakini macho yalikuwa yamevimba.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Ilikuwa saratani, ikiwa bado changa, na ilikuwa imetoka yote.

Wiki ya sita nilirudi kazini. Mteja wa kwanza alileta tairi linalopungua upepo taratibu.

"Uling'oa msumari?"

"Hapana, fundi. Sijagusa kitu."

Nilimwangalia machoni. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

"Mimi mwenyewe niliwahi kuuvuta," nikamwambia. "Nionyeshe tu ulikuwa wapi."

Akachuchumaa, akaweka kidole.