Kiti cha Mkurugenzi na Kichwa cha Bi Kengele

Kila Jumamosi asubuhi Bi Kengele aliketi kwenye kigoda katikati ya sebule yake, akampa mkwewe kichwa, na kichwa hicho kikasukwa vibaya. Tuseme ukweli. Njia zilichorwa vizuri kwa ncha ya chanuo, mafuta yalipakwa kwa kiasi, mistari ilinyooka, lakini mkono wenyewe ulikuwa mlegevu. Kufika Jumanne nywele zilikuwa zimeanza kuchomoka, na kufika Alhamisi bibi wa watu alikuwa anajifunga kitambaa ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Kaza mkono, mwanangu," alikuwa akimwambia.

"Naogopa kukuumiza, Mama."

"Hicho ni kichwa, si yai."

Mkwe alicheka, akasema sawa, akaendelea vilevile. Huyu mkwe alikuwa mzungu, mzaliwa wa mji huohuo, aliyekulia upande wa pili wa reli, walikoishi wazungu wenzake. Alipoolewa na mtoto wa pekee wa Bi Kengele, pande zote mbili zilinuna mpaka zikachoka kununa. Kisha akazaliwa binti mwenye nywele nzito za bibi yake, na siku moja mama mtu akabisha hodi, mkono mmoja mtoto analia, mkono wa pili kitana kilichovunjika meno. "Mama, nifundishe," alisema, na hakuongeza neno. Bi Kengele, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akimwita "yule mke wa mwanangu", alivua kitambaa akavuta kigoda. "Jifunzie kwangu kwanza," alisema. "Mtoto usimguse." Mapenzi yao yalianzia hapo. Mjukuu sasa alikuwa chuo kikuu na amenyoa upara kwa hiari yake, lakini Jumamosi zilibaki palepale, na Bi Kengele asingezibadilisha kwa kitu chochote duniani.

Jina la Kengele alilipata kazini. Alipokuwa mwalimu mkuu aliigonga kengele ya shule kwa mkono wake mwenyewe miaka yote, maana hakumwamini mtu mwingine na dakika za watoto. Alistaafu zamani, ila watu wazima wenye vitambi na magari, wakikutana naye barabarani, bado walichomekea mashati haraka haraka.

Sasa kikaja hiki kiti. Mkurugenzi wa elimu wa jiji alistaafu, waombaji wakachujwa, wakabaki wawili. Mmoja alikuwa mkwe mwenyewe, naibu mkurugenzi, msomi mwenye shahada ya uzamivu, aliyeijua bajeti ya shule zote na kujua paa la shule ipi linavuja juu ya dawati la nani. Wa pili alikuwa Kiroboto. Magazeti hayakumwita hivyo, bila shaka. Jina hilo alipewa na Bi Kengele darasa la kwanza, kwa sababu makalio yake hayakuwahi kutulia kwenye benchi. Alikuwa mtu mweusi, mwalimu mkuu wa shule ya sekondari ambayo jiji lilikuwa limekwisha kuikatia tamaa, naye akaifufua. Shahada alikuwa nayo moja, na makao makuu hakuwahi kufanya kazi hata siku moja.

Redio zikapata la kusema. Kiroboto hana sifa. Kiroboto anabebwa na rangi yake. Bi Kengele alisikiliza huku akikunja nguo na damu ikamchemka, maana wimbo huo aliujua mpaka kiitikio. Madarasa ya jiji lile yalijaa watoto weusi, na mkurugenzi mweusi hajawahi kuonekana. Yeye mwenyewe aliwahi kukiomba kiti hicho. Vyeti alikuwa navyo kuwazidi wenzake wote, wakamwambia vyeti vizuri, tatizo hana uzoefu wa makao makuu. Makao makuu kwenyewe wakati huo mtu mweusi aliingia na ufagio tu. Aliyepewa hakuwa na vyeti wala uzoefu. Alikuwa na shemeji kwenye bodi ya elimu. Tangu hapo Bi Kengele hakukosa kikao cha hadhara, na kila aliposhika kipaza sauti alisema jambo lilelile: tunamtaka mmoja wetu. Safari hii bodi yenyewe ilimwalika aseme kabla ya kura, na mji mzima ulijua neno lake litamwinua mtu au litamwangusha.

Ambacho mji haukujua ni kwamba kila Jumatano Kiroboto alikuja sebuleni kwa Bi Kengele kujifua kwa ajili ya usaili, na kila Jumamosi mkwe alikuja kusuka na kujifua vilevile, kwa maswali yaleyale, na kila mmoja aliondoka akiamini bibi yuko upande wake. Huo ni unafiki, hakuna jina lingine. Bi Kengele alilijua hilo na lilimkera usingizini. Kila mara alijiambia leo nasema, na kila mara aliisikia ile mikono laini kichwani, akalimeza neno. Aliogopa kuwa akisema, Jumamosi zitakwisha.

Alimwendea mwanawe kutaka ushauri, ambaye alikuwa fundi umeme na hakupenda ugomvi wa aina yoyote.

"Mama," alisema yule mwana, akiwa amepanda juu ya ngazi na bisibisi mdomoni, "mke wangu ni waya wenye moto. Wewe ni waya wenye moto. Mimi kazi yangu ni kusimama mbali na kuvaa viatu vya mpira."

"Nimezaa shujaa," alisema Bi Kengele, akarudi zake nyumbani.

Kikao kilipangwa Jumamosi mchana. Asubuhi mkwe alifika kama kawaida, amevaa suti yake ya usaili na kujifunga khanga juu yake isichafuke kwa mafuta, akaanza kusuka. Si rahisi kumwambia mtu neno chungu huku ameshika kichwa chako, ila Bi Kengele aliona heri hapa kuliko mkwe alisikie ukumbini pamoja na watu wa redio.

"Mwanangu."

"Abee, Mama."

"Leo nitamsemea Kiroboto."

Mikono ikasimama. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha, wa kulia nywele za mvi zilisimama wima zikisubiri.

"Umeamua lini?" aliuliza mkwe.

"Tangu mwanzo."

"Na Jumamosi zote hizi nakusomea majibu yangu, unaniambia vizuri, rudia tena?"

"Nilikuwa naogopa kukuumiza," alisema Bi Kengele, na neno lilipomtoka alilitambua. Lilikuwa la mkwe, la kila Jumamosi, na yeye hakuwahi kulipenda.

Mkwe naye alilitambua. "Niambie kitu kimoja, Mama. Kati yangu na yeye, nani anaijua kazi zaidi?"

"Wewe."

"Basi ni rangi."

"Rangi imo, siwezi kukudanganya tena. Mtoto mweusi wa mji huu anamaliza shule hajaona mtu wa kwao akikalia kiti kile. Na ile shule yake imo. Watoto walikuwa wanaruka ukuta kutoka. Siku hizi wakichelewa wanaruka ukuta kuingia. Hilo hukulifanya wewe, na mimi sikulifanya."

"Hakuna aliyenipa shule nilifanye."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli, na Bi Kengele mwenyewe aliwahi kuyasema, kwa maneno mengine kidogo, mbele ya bodi ile ile.

Mkwe aliweka chanuo kwenye kochi, akaenda jikoni. Bomba lilifunguliwa, likabaki wazi. Bi Kengele alikaa na nusu kichwa chake, akawaza kwamba jikoni kuna mlango wa nyuma, na kwamba mtu mwenye akili zake angeutumia. Hatimaye maji yakafungwa. Mkwe alirudi, mikono ya baridi, akaketi, akamalizia upande wa kulia. Alisuka kwa ulaini kuliko siku zote.

"Asante, mwanangu."

"Karibu, Mama," alijibu kwa adabu, na adabu ile ilimchoma Bi Kengele kuliko matusi.

Ukumbini alisimama na mistari yake, amenyooka, kitambaa amekiacha nyumbani kwa makusudi. Alisema habari za Kiroboto, na hakuficha kuwa alimfundisha kusoma na kwamba alichelewa kujua kusoma. Watu wakacheka, Kiroboto akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Mwenyekiti wa bodi, bwana mwenye miwani ya kusomea iliyoning'inia kifuani, akamuuliza kama anamtaka huyu kwa sababu ya rangi.

"Rangi imo," alisema Bi Kengele. "Na mliponinyima mimi ilikuwemo, ila siku ile hakuna aliyeuliza."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Na mkweo je? Naye hana sifa?"

Bi Kengele aligeuka pole pole. "Nani huyo? Simama nikuone. Mkwe wangu anaijua kazi hii kuliko watu wote mliomo humu, na Kiroboto akiwemo. Atakayesema hafai atanikuta pale mlangoni. Nimewaambia ninayemtaka. Sikuwaambia mwingine ni mbaya. Kama jambo lingekuwa rahisi hivyo, mimi ningekuwa nimelala nyumbani."

Mkwe alikuwa kiti cha mbele. Hakuinua macho.

Kura zilimpa Kiroboto kiti, kwa tofauti ya mtu mmoja. Upande mmoja wa ukumbi ulipiga vigelegele, na Bi Kengele, aliyeisubiri siku hiyo umri wake wote wa utu uzima, alilia kwa furaha ya kweli. Kisha akamtafuta mkwe. Alimwona akimpa Kiroboto mkono, akimwambia maneno mawili matatu, halafu akatoka kwa mlango wa pembeni na koti lake begani. Kwa mama mkwe hakupita.

Wiki ile simu haikulia. Mistari ililegea Jumatatu badala ya Jumanne. Jirani mmoja msusi alimwona dirishani akajitolea kumsuka, Bi Kengele akamwambia ana mtu wake. Alisema kwa ukali, kisha akafunga pazia, kwa kuwa hakuwa na hakika kama mtu huyo bado anaye. Angeulizwa tena, angemsemea Kiroboto tena. Na kumkosa binti huyu kungemvunja. Mambo hayo mawili yalikaa kifuani mwake pamoja na hakuna lililomfukuza mwenzake.

Jumamosi alizifumua nywele mwenyewe, akaweka chanuo na mafuta kwenye kochi, akaketi kwenye kigoda. Saa yao ya kawaida ilifika, ikapita. Alimpigia mwanawe.

"Anakuja?"

"Viatu vya mpira, Mama," alisema mwanawe, akakata simu.

Mgongo ulikuwa umeanza kumuuma lango lilipolia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

Hakukuwa na habari za asubuhi. Mkwe aliketi nyuma yake, akachora njia ya kwanza, akashika nywele, akavuta. Bi Kengele aliona nyota mchana.

"Umesema mbele ya mji mzima kwamba najua kazi kuliko wote," alisema mkwe, "halafu ukampa mwingine."

"Ndiyo."

"Nimekasirika. Sijawahi kukukasirikia, tangu nimeolewa. Nilikuwa naona sina haki. Naona kama nikikukasirikia wewe, basi mimi ni wale wale wa upande wangu wa reli."

"Kasirika. Haki unayo."

"Na naona kura ile ilikuwa sawa. Hilo ndilo linalonikera zaidi." Akavuta tena. "Na kesho nitaona haikuwa sawa."

"Mimi mwenyewe hivyo hivyo."

Mstari wa pili ukaanza. Mkwe alisuka na kusema, akasema yote, ya kiti na ya Jumamosi za uongo, mpaka ya harusini, jinsi shangazi fulani alivyomkalisha karibu na jiko la moshi. Bi Kengele alijibu alipokuwa na jibu, na alipokosa alisema sina jibu. Kwenye mstari wa tano mkwe alisema Kiroboto alikuja ofisini kwake, akafunga mlango, akakiri kuwa bajeti haielewi hata ukurasa wa kwanza, akamsihi abaki naye.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nitafikiri. Ahangaike kidogo."

"Afadhali. Darasa la kwanza nilimfanyia hivyo hivyo." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Unaniumiza, mwanangu."

"Najua, Mama."

Wala mikono haikulegea. Alipomaliza alimpa kioo. Mistari ilikuwa imelala sawasawa kichwani, imebana kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, na hakuna unywele hata mmoja uliochungulia. Bi Kengele alijigusa hapa, akajigusa pale, akitafuta mahali pa kukosoa.

"Hizi zitakaa wiki mbili," alisema mkwe, akifuta mafuta vidoleni.

Bi Kengele alishusha kioo magotini. "Kwa hiyo Jumamosi ijayo huji."

"Nitakuja. Nitakuja tugombane tu."

"Basi njoo mapema," alisema Bi Kengele.