Jina Lisilochapika

Jioni ya kumbukumbu ya mkewe, Kwak Man-sik alipanga meza: wali, supu ya figili, na samaki aliyelazwa kichwa kikielekea mashariki. Ilibaki karatasi ya jina tu. Jina lisiposimamishwa mezani, marehemu hajui akae wapi. Zamani liliandikwa kwa brashi, lakini Man-sik hakusoma sana, kwa hiyo binti yake Yeon-hui alimwekea kwenye kompyuta, abonyeze tu.

Alibonyeza. Printa ikanguruma, ikatoa karatasi nyeupe.

Akampigia binti simu.

"Baba, umeizima ukaiwasha?"

"Nimeizima mpaka imenuna."

"Wino je?"

"Upo. Ungeona mikono yangu, ungedhani nachimba makaa."

"Hebu chapa kitu kingine."

Alichapa tangazo la kabichi. Kabichi ikatoka na umande wake. Akarudia jina la mkewe, Bok-nyeo. Karatasi ikatoka nyeupe.

Simu ikalia. Alikuwa Tak, mkuu wa shule alikokuwa akipika Bok-nyeo.

"Mzee Kwak, jina la mkeo limetoka kwenye printa yangu hapa nyumbani. Mwenyewe ameshakaa. Njoo basi."

Njiani Man-sik alijiuliza Tak ana nini. Gari, sawa. Nywele, sawa, nazo za kupaka rangi.

Bok-nyeo alikuwa kwenye kiti karibu na Tak, amevaa aproni, ananuka mafuta ya kukaangia. Macho hayabanduki mdomoni mwa yule bwana. Man-sik hakuwahi kutazamwa vile, hata siku ya harusi.

"Kwangu hutaki hata kuchapika," alisema. "Kwa huyu umekuja mpaka na aproni."

"Acha wivu, mume wangu, kaa. Nangoja jibu."

"Jibu gani?"

"La feni ya kutolea moshi. Nilimwomba nikiwa hai. Mapafu yangu yameshakwisha, ila wenzangu bado wanakaanga."

Tak alisafisha koo. "Nilishapeleka juu, Mama Yeon-hui. Suala linashughulikiwa."

"Huko juu si ndiko wewe uliko?" Man-sik aliuliza.

"Kuna juu zaidi."

Wakubwa ndivyo walivyo: kila mmoja ana juu yake, na aliye kileleni hujawahi kumwona.

Mwaka uliofuata Man-sik hakuhangaika na printa. Alifunga wali na samaki kwenye kitambaa, akapeleka kwa Tak. Alimtolea mkewe miiba ya samaki, akamwekea minofu juu ya wali. Bok-nyeo alikula bila kuangalia nani kaiweka, jicho kwa yule yule. Tak akasema suala linashughulikiwa.

Kando ya Bok-nyeo alikaa Mama Ji-ho, mpishi mwenzake aliyezikwa majira ya kuchipua, naye na aproni yake, naye akimtazama Tak. Mlangoni mumewe alikuwa akivua viatu, uso kaukunja, kabeba samaki wake.